Kitanda Kisicholaliwa

Sajini Nyangate hakuwa na gari. Hakuwa na kamera, wala ule unga wa kunyunyizia alama za vidole ambao wenzake wa Nairobi walikuwa nao kopo kwa kopo. Koti lake la mvua lilikuwa la jina tu. Hakuwa na Kiingereza cha kumtosha kubishana na mkuu wake wa Kisii. Siku ya kwanza alipoitwa Nyamira kutazama maiti ya Momanyi, hakuwa na jembe, na hakufikiri kuazima. Tena hakuwa na mke, kwa hiyo hakuwa na mama mkwe. Na katika yote aliyoyakosa, hilo ndilo hakulihesabu kamwe kuwa ni upungufu kwa askari mpelelezi.

Sasa alikuwa anarudi Nyamira mara ya pili, na hakuna aliyemtuma. Kijana Gulled, mwana wa Hawo mwenye hoteli, alikuwa rumande Kisii. Jumatatu angepelekwa Kisumu kujibu shtaka la kumuua Momanyi, na kwa shtaka hilo hukumu ilijulikana ni kamba. Kesi nzima ilisimama juu ya ripoti ya Nyangate mwenyewe. Ripoti ilisema kwamba jiwe lililozuia gurudumu la lori la Momanyi liliondolewa. Kwamba lori liliteremka mlimani likaingia mtoni na mwenyewe akiwa ndani. Kwamba katika lori hilo palikutwa blanketi la nyumbani kwa Gulled. Na kwamba Gulled alisikiwa na watu akimwambia Momanyi, baada ya Momanyi kuziacha mvuani ngozi za biashara za Gulled zikaoza, kuwa lori lile siku moja litamtupa mtoni.

Ilikuwa ripoti nzuri. Mkuu aliisifu. Lakini asubuhi ile Nyangate alipopita rumande, Gulled alimuuliza kupitia vyuma vya mlango, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kuuliza, "Sajini, mtu akitaka kuua mwenzake, humpelekea kwanza blanketi?"

Nyangate alipanda basi.

Mwaka ule wa 1954, Nyamira ulikuwa mji usioingia gari wakati wa masika. Malori yalikuwa yameichimba barabara yake moja mpaka ikawa mifereji, ng'ombe akavunjika mguu humo, na wazee wa soko wakaenda kulalamika kwa bwana D.O., mtawala wa Kizungu. Ukafungwa mnyororo upande wa Sironga. Tangu hapo kila mgeni, awe mwenye lori au mwenye Landrova ya serikali, aliacha gari lake mtelemkoni chini ya mnyororo, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akapanda kilima kwa miguu na mzigo wake. Kama alitaka kulala, alilala kwa Hawo, kwa kuwa vitanda vya wageni vilikuwa huko tu. Basi upelelezi wowote wa mgeni katika mji ule ulikuwa na maswali mawili: gari aliliacha wapi, na yeye alilala wapi? Nyangate alikuwa amelijibu la kwanza vibaya, na la pili hakulijibu kabisa.

Mlinzi wa uwanja wa magari alikuwa Onchiri, askari mstaafu wa vita vya Burma, aliyeacha sikio moja la kusikia huko huko. Mawe ya uwanja yalikuwa yake. Aliyapanga ukutani kwa ukubwa, akawagawia madereva mwenyewe, na dereva aliyeondoka bila kurudisha jiwe alilaaniwa mpaka arudi.

Nyangate alimuuliza kama jiwe la Momanyi lilipatikana. Onchiri alisema halikupatikana, na kwamba ni hasara, maana lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia wimbi la marehemu mama yake, lenye shimo katikati kama sahani.

"Na siku nilipokuja, hapa palikuwa namna gani?"

"Matope, afande. Ulisimama pale pale kando, ukashika suruali hivi." Onchiri alionyesha jinsi Sajini alivyoinua suruali yake isichafuke. "Ukasema, jiwe hakuna. Mimi nikaona wewe ni serikali, kama umesema hakuna, basi hakuna."

Safari hii ardhi ilikuwa imekauka. Jua lilikuwa limewaka juma zima, na njia ya magurudumu ya lori ilionekana wazi kama imechongwa. Nyangate aliifuata kwa macho kutoka ukingo wa mto hadi mwanzo wake, akasimama pale gurudumu la nyuma liliposimama siku ile. Palikuwa na kidimbwi kidogo kilichokauka, na ardhi katikati yake ilikuwa imepasuka kwa mviringo.

Aliazima jembe la Onchiri. Hakuchimba sana. Jembe liligonga kitu kigumu, akaondoa udongo kwa vidole, na kikatokea kipande cha jiwe la kusagia, kimelala kifudifudi, shimo chini, kimezama ndani ya njia ya gurudumu. Juu yake palikuwa na mkwaruzo mweusi wa mpira.

Onchiri alipiga magoti akalipangusa jiwe lake kwa mkono wa shati.

Mambo yakawa wazi. Hakuna mkono ulioliondoa jiwe lile. Lori lilikuwa limejaa mahindi, mvua ikalainisha ardhi, na uzito ukalikandamiza jiwe taratibu mpaka likazama na gurudumu likapita juu yake. Breki ya mkono ilikutwa imevutwa hadi mwisho, ila waya wake ulikuwa mzee. Hilo Nyangate aliliona siku ya kwanza, na hakulipa uzito. Mwuaji angelitupa jiwe kando. Angekuwa na sababu gani ya kulizika chini ya gurudumu?

Hata hivyo jiwe lilifuta nusu ya kesi tu. Nyangate alimjua wakili wa serikali wa Kisumu na namna yake ya kuuliza. Angeuliza: mtu aliyechukua kitanda kikavu katika nyumba yenye moto, alifuata nini kwenye lori baridi wakati wa mvua? Nani alimtoa, kama si yule adui aliyeonekana akimfuata na blanketi? Bila jibu la swali hilo, jiwe lisingemwokoa Gulled.

Alimwomba Onchiri alifunge jiwe katika gunia na asimpe mtu yeyote, kisha akapanda kilima.

Hoteli ya Hawo ilikuwa na chumba cha mbele chenye mabenchi, pazia la kitambaa cha maua, na nyuma ya pazia vyumba vya kulala na mlango wa jikoni. Hawo alikuwa mwanamke mrefu, mjane wa mfanyabiashara Msomali aliyefika Nyamira na punda wawili akafia hapo. Hakumkaribisha Sajini kuketi. Aliendelea kupangusa meza iliyokuwa safi tayari. Baada ya kitambo alimletea chai, akaiweka mbele yake kwa kishindo, kwa sababu nyumba yake haikuwahi kumnyima mtu chai.

"Kunywa, mwanangu wa serikali. Hata mbwa aliyeniuma nampa maji."

Nyangate alikunywa. Akamwomba amweleze upya habari za siku ile, tangu Momanyi alipoingia. Hawo alimwambia alikwisha kumweleza. Nyangate akakiri kwamba ndiyo, alimweleza, naye hakuandika, kwa kuwa alidhani mama hawezi kusema lolote ila la kumtetea mwanawe.

Hawo aliacha kupangusa. Akaketi benchi la pili.

Alieleza kwamba Momanyi aliingia amelowa, akachukua kitanda, akaomba chai, akaketi pale pale alipoketi Sajini sasa. Ugomvi wa ngozi ulikuwa bado haujaisha, lakini mgeni ni mgeni, na Gulled mwenyewe ndiye aliyemletea kikombe. Momanyi alikunywa kidogo. Mara akatulia kama mtu anayesikiliza. Akaweka kikombe chini, chai ikiwa zaidi ya nusu, akachukua kofia, akamwambia Gulled kuwa hawezi kulala katika nyumba hii. Gulled alimuuliza kwa nini. Akasema tu hawezi, akatoka mvuani.

"Hakusema zaidi ya hapo?"

"Hakusema. Ikaniuma. Nikafikiri ni ule ugomvi wa ngozi. Nikamwambia Gulled, mpelekee blanketi huko kwenye gari lake, watu wasiseme kesho kwamba mgeni wa Hawo alikufa kwa baridi." Alikunja kitambaa alichopangusia. "Basi, hakufa kwa baridi."

Nyangate aliandika maneno hayo yote, na safari hii aliandika kwamba blanketi lilitumwa na Hawo. Alipokuwa akifunga kalamu, Hawo akaongeza, zaidi kwa kujisemea kuliko kumwambia yeye, "Lakini nyinyi Wakisii mna maringo. Siku ile vitanda vyangu viwili vililala vitupu."

Kalamu ikafunguliwa tena. "Viwili, mama Gulled?"

"Na cha yule bibi."

"Bibi gani?"

Akaeleza kwamba jioni ile mto ulifurika, watu wa Sironga wakashindwa kuvuka kurudi kwao. Bibi mmoja wa kanisa la Sabato alikwama sokoni, Hawo akamwonea huruma akamwingiza chumba cha nyuma, karibu na pazia, amtunzie na kikapu chake. Baadaye alipokwenda kumpelekea uji, chumba kilikuwa kitupu. Bibi ametoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga, na kikapu amekiacha.

"Sikusema kwa sababu hukuuliza. Wewe uliniuliza habari za Momanyi. Na mimi niliona aibu. Nilijua wameona nyumba ya Waislamu ni najisi kwao, mmoja katoka mbele, mwingine katoka nyuma."

Nyangate alimuuliza bibi yule alikuwa akifanya nini Momanyi alipokuwa akinywa chai.

"Akisali. Kwa lugha yenu, kwa sauti, kama mtu anayemsemesha jirani ng'ambo ya mto."

"Na jina lake?"

"Jina lake silijui. Watu walimwita mama Josiah."

Sajini aliweka kikombe chini, akakitazama. Kilikuwa zaidi ya nusu.

Katika mazishi ya Momanyi kule kwao Nyacheki alikuwa amemwona Josiah wa Sironga, mwalimu wa kanisa, akimshika mkono mjane Gesare. Gesare alikuwa dada yake. Basi mama Josiah ndiye aliyemzaa Gesare, na alikuwa mama mkwe wa Momanyi.

Hapo kila mwanamume wa Gusii mwenye mke angekwisha kufahamu tangu siku ya kwanza, na asingehitaji jembe. Mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawaonani vitandani, hawasikiani wakikoroma, na ikitokea wamekutana, anayewahi kujua huondoka kimya na hasemi kwa nini, maana kulisema jambo hilo ni sehemu ya aibu yenyewe. Wenyewe huiita aibu hiyo chinsoni, na si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote. Nyangate aliingia kambi ya polisi akiwa kijana. Alisoma shule ya jioni, alisoma sheria ya ushahidi mpaka akaijua kwa moyo, lakini hajawahi katika maisha yake kuacha kitanda kwa ajili ya mkwe.

Alimuuliza Hawo swali la mwisho: je, bibi yule angeweza kumsikia Momanyi akiongea? Hawo alisema pazia ni pazia, si ukuta.

Mto ulikuwa umepungua, akavuka kwa mawe hadi Sironga. Alimkuta Nyanchera, mama Josiah, uani akianika wimbi juu ya ngozi. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nyangate alimwamkia kwa heshima zote, akamwita omong'ina kama anavyoitwa mama mtu mzima, akaketi mbali kidogo na kumpa ubavu, ili wasitazamane usoni. Waliongea Kikisii. Alianza na mvua, akaja kwenye mto, akaja kwenye jioni ile ya kukwama. Bibi alijibu yote bila wasiwasi mpaka alipoulizwa alilala wapi.

Akapekua wimbi kwa vidole. "Kanisani. Juu ya benchi."

"Na kile kitanda cha Hawo?"

Vidole vilizama katika wimbi. Kisha akasema, akimwita tata kama mama amwitavyo mwanawe, "Tata, wewe ni mtoto wa Gusii, kwa nini unaniuliza? Nilikuwa bado nasali, nikasikia sauti yake nyuma ya pazia, anaomba sukari. Nikajua ni yeye. Nikatoka kwa jikoni."

"Hukumwambia mtu?"

"Niseme kwamba nilikuwa nyumba moja na mkwe wangu, nimevua kitambaa kichwani? Hata Gesare sijamwambia." Alisawazisha wimbi kwa kiganja. "Nilimwachia nyumba. Mvua ilikuwa kubwa, benchi lile ni gumu, lakini nilisema moyoni, mume wa mwanangu amelala pakavu. Asubuhi nikasikia amekufa garini. Wakasema aliamka mapema kuwasha gari, na yule kijana alikuwa akimvizia."

Nyangate hakuwa amemwambia lolote bado, na kwa kitambo alitamani kutomwambia. Angeweza kuandika kwamba bibi alilala kanisani na kumalizia hapo. Lakini bila maneno yake Momanyi hangekuwa na sababu ya kutoka, na bila sababu hiyo palibaki Gulled na blanketi lake.

Hakuhitaji kusema. Mikono ya bibi ilisimama juu ya wimbi.

"Nilikuwa nasali kwa sauti," akasema.

"Ndiyo, omong'ina."

"Alinisikia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hakulala."

"Alitoka kwa mlango wa mbele. Alikuachia wewe nyumba."

Kuku alikuja akadonoa wimbi, na hapana aliyemfukuza. Bibi alifunika uso kwa ncha ya kitambaa, akakaa hivyo. Nyangate aliutazama mlima wa upande wa pili, akaendelea kuutazama hata baada ya kukosa cha kutazama. Iwapo mmoja wao angekawia kidogo, mwingine angelala. Iwapo mmoja wao angekuwa na heshima pungufu, Momanyi angekuwa hai. Nyumba ile waliyoachiana haikulaliwa na yeyote.

Hatimaye bibi aliuliza, kutoka ndani ya kitambaa, "Huyo kijana aliyefungwa. Yule mwanamke mrefu aliyenipa kitanda, ndiye mama yake?"

"Ndiye."

"Na hajui niliondoka kwa nini?"

"Anafikiri uliidharau nyumba yake."

Alijifunua uso. "Basi andika, tata. Andika yote, na jina langu."

Aliandika, akamsomea polepole. Hakuwa na kidau cha wino wa kutia dole. Bibi aliingia jikoni akatoka na chungu, akapaka dole gumba masizi ya kitako cha chungu hicho, akaligandamiza chini ya maandishi, imara kuliko mashahidi wengi wa mjini. Ombi lake lilikuwa moja. Hakutaka Gesare aipate habari hiyo mahakamani, ikisomwa na karani mbele ya watu. Angekwenda Nyacheki leo leo amwambie yeye mwenyewe. Nyangate alimwambia basi la Kisii linaondoka alasiri, kutoka uwanja wa magari.

Barua kwa mkuu wa polisi aliiandika mezani kwa Hawo, na Hawo akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kumweleza, kwa maneno machache kadiri alivyoweza, kwa nini vitanda viwili vililala vitupu. Hawo aliingia nyuma ya pazia, akakaa huko.

Katika barua Nyangate alieleza jiwe lilikopatikana na lilivyolala. Alieleza breki na waya wake. Aliambatanisha maneno ya Hawo na ya Nyanchera. Palibaki sentensi moja, na hiyo alikaa nayo muda mrefu kuliko zote. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza chake kingemruhusu kujificha: kwamba jiwe halikuondolewa kamwe, bali yeye, Sajini Nyangate, hakuchimba, na kwamba mama wa mshtakiwa alimweleza ukweli wa blanketi tangu siku ya kwanza, naye hakuuandika. Aliomba Gulled afunguliwe kabla ya Jumatatu. Kwa upande wake hakuomba lolote.

Hakuwa na lakiri. Hawo alitoka nyuma ya pazia na mshumaa uliowashwa, akauinamisha juu ya bahasha, nta ikadondoka. Nyangate akaigandamiza kwa kifungo cha koti lake la polisi, chenye taji.

"Mimi nakwenda na barua hiyo," Hawo akasema. "Sitaishika. Nitakaa ndani ya basi moja nayo, mpaka wanifungulie mwanangu."

Akajifunga shuka, akabeba na kikapu alichokiacha bibi.

Waliteremka pamoja hadi kwenye mnyororo. Basi lilikuwa limesimama mtelemkoni, jiwe nyuma ya gurudumu, na Nyanchera alikuwa ameketi tayari benchi la mbele, mikono mitupu. Hawo alipanda. Alisimama mbele yake kidogo, kisha akamwekea kikapu mapajani, akaketi kando yake. Hawakuwa na lugha ya kutosha baina yao, na hapana aliyejaribu. Nyanchera alisogea kumpa nafasi.

Nyangate alimpa dereva barua, akamwekesha sahihi ya kuipokea, akamwona akiitia ndani ya shati na kufunga vifungo. Injini ikanguruma. Onchiri akainama nyuma ya gurudumu, akaliondoa jiwe, akasimama nalo kifuani mpaka basi lilipopotea upande wa Kisii.